Maji, risasi na neno: kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kutoka Kongo

0. Utangulizi

Tamthilia ya Kinjeketile ya mwandishi Mtanzania Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ni miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na kuhakikiwa sana. Katika uhakiki huo mitazamo miwili hurudi mara kwa mara. Mtazamo wa kwanza huiona tamthilia kama hadithi ya ushirikina ulioshindwa na sayansi: watu wa kusini mwa Tanganyika waliamini maji, Wajerumani waliamini bunduki, na bunduki ikashinda. Mtazamo wa pili hukwepa aibu hiyo kwa kuyafanya maji kuwa mfano tu, yaani alama ya umoja wa makabila yaliyokuwa yametengana. Kwa wasomaji wa fungu hili, swali la kama maji yalizuia risasi au hayakuzuia si swali la mhakiki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mitazamo yote miwili inaacha nje jambo lililo kiini cha tamthilia. Ndani ya Kinjeketile, uganga na silaha ya kisasa havikai kama zama mbili, moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Vimechanganywa katika vita kimoja, na watu walewale wanavipima kwa kipimo kimoja: nguvu. Dai letu ni kwamba dawa ya vita ni tendo la lugha, na kwa hiyo huhitaji msikilizaji. Mashine ya vita haihitaji msikilizaji. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani afe na nani apone, na Ebrahim Hussein ameiona, ingawa hakuifuata mpaka mwisho wake.

Tunaisoma tamthilia hii kutoka Kongo kwa sababu iliyo wazi. Huku kwetu maji ya vita si habari ya mwaka 1905 peke yake. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa dawa na kupiga kelele za "Mai Mulele". Tangu miaka ya 1990 makundi ya Kivu, ya Maniema na ya kaskazini mwa Katanga yamejiita, au yameitwa, Mayi-Mayi. Hatudai kwamba desturi hii ilisafiri moja kwa moja kutoka mto Rufiji hadi ziwa Tanganyika. Tunadai tu kwamba msomaji wa Kongo analo la kumwuliza Ebrahim Hussein, na kwamba tamthilia yake inalo la kutuuliza sisi.

1. Neno "dawa" na upana wake

Tuanze na msamiati, kwa kuwa mchanganyiko tunaouzungumzia umo ndani ya lugha kabla ya kuwamo ndani ya vita. Neno dawa, lenye asili ya Kiarabu, lina eneo pana sana la maana. Kidonge cha malaria ni dawa. Kinachosafisha meno ni dawa ya meno. Kinachong'arisha viatu ni dawa ya viatu. Sumu ya panya ni dawa ya panya. Hirizi ya mfanyabiashara ni dawa. Msemaji wa Kiswahili anapotoka hospitalini na kwenda kwa mtu wa mizizi habadili neno. Huku Kongo mashariki habadili hata jina la mhusika: muganga ni yule aliyevaa koti jeupe, na muganga ni yule mwenye kibuyu. Kiswahili, tofauti na Kifaransa cha shule zetu, hakikujenga ukuta kati ya kemia na uganga. Kimeweka vyote katika fungu moja la vitu vinavyotengenezwa na mjuzi, vikatumiwa kwa kipimo na kwa masharti, vikaleta badiliko ambalo mtumiaji hawezi kulieleza.

Inafaa pia kuitazama -a unganifu. Katika dawa ya malaria, kinachotajwa baada ya kiunganishi ndicho kinachoondolewa. Katika dawa ya meno, kinachotajwa ndicho kinachohifadhiwa. Katika dawa ya mapenzi, kinachotajwa ndicho kinachotafutwa. Sarufi hainyooshi uhusiano huo. Ni ujuzi wa ulimwengu unaotuambia tuelewe vipi. Basi dawa ya vita ni nini? Je, ni dawa ya kushinda vita, ya kujikinga na vita, au ya kuwatia watu moyo wa kwenda vitani? Lugha inaruhusu maana zote tatu kwa pamoja. Tutaona kwamba msiba wa Kinjeketile umo hapa hasa: yeye alitoa dawa kwa maana moja, na watu wakaipokea kwa maana nyingine.

Mwelekeo wa upande wa pili nao upo. Bunduki, risasi na baruti ni maneno yaliyoingia pamoja na vitu vyenyewe kupitia biashara ya pwani. Kwa mtu asiyejua kuchimba madini ya risasi wala kuchanganya baruti, bunduki ni kitu chenye nguvu iliyofichwa, kinachotoka kwa mjuzi wa mbali, chenye masharti yake. Yaani, kwa mtazamo wa mtumiaji, bunduki ina sifa zote za dawa. Hivyo basi hatuna budi kuacha kusema kwamba watu wa mwaka 1905 walichanganya vitu viwili visivyofanana. Kwa jinsi walivyovipata, vilifanana sana. Palipokosekana ulinganifu ni mahali pengine.

2. Maji ndani ya tamthilia

Historia yenyewe inajulikana. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Msomaji wa Kongo hahitaji maelezo marefu hapa, kwani pamba ya kulazimishwa ililetwa kwetu na Wabelgiji tangu mwaka 1917. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kugawa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za nafaka, akisema kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Makadirio ya waliokufa hutofautiana kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Ebrahim Hussein mwenyewe ametuonya kwamba Kinjeketile wa jukwaani si Kinjeketile wa historia. Ni kiumbe wa ubunifu wake. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito, kwa maana mabadiliko aliyoyafanya ndiyo yanayotuonyesha anachotaka kusema. Matatu yanatuhusu.

La kwanza ni mpangilio wa mwanzo. Kabla ya maji kuna njaa, kuna kazi ya shuruti, na kuna wanaume wanaoshukiana. Wanajua kwamba hawana umoja, wanajua pia kwamba hawana silaha. Mambo haya mawili yametajwa pamoja, kama madeni mawili yanayongoja kulipwa. Kinjeketile anapotoka mtoni, baada ya kuchukuliwa na roho ya Hongo, maji anayoyaleta yanaonekana kuyalipa yote mawili kwa mara moja. Huu ndio mtego. Deni la kwanza, la umoja, kweli linalipwa. Wale waliokuwa wakishukiana wanakuwa jeshi moja. Deni la pili, la silaha, halilipwi, bali linafunikwa.

La pili ni mashaka ya Kinjeketile. Katika maneno aliyoyatamka alipokuwa amepagawa, aliwaahidi watu kwamba watakuwa chini ya Seyyid Said. Akili inapomrudia, anatambua kwamba ahadi hiyo inambadilisha bwana mmoja kwa bwana mwingine. Hapo anaanza kujiuliza ni nani hasa aliyekuwa akisema kwa kinywa chake. Mwandishi hakumfanya mganga wake kuwa mwongo, na hapo alifanya vema. Angemfanya mwongo, tamthilia ingekuwa somo la uraia. Amemfanya mtu aliyetamka neno kwa imani, kisha neno likamzidi nguvu.

La tatu ni mabishano juu ya wakati. Kinjeketile anataka watu wangoje na wajitayarishe. Kitunda, mwenye jukumu la vita, anajua maana ya mazoezi. Watu hawataki kungoja. Historia inakubaliana na sehemu ya jambo hili, maana katika nchi ya Wamatumbi kulikuwa na mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Tunasisitiza nukta hii kwa sababu wahakiki wengi huipita haraka. Ndani ya tamthilia, maji na ufundi wa vita havikuanza kama maadui. Kinjeketile aliwaza kuviunganisha: maji yawakusanye watu, kisha mafunzo yawape uwezo. Lakini mara maji yalipoaminiwa kuwa ni silaha, mafunzo yalionekana ni kuchelewa, na pengine hata ni ukosefu wa imani. Dawa ilikula nafasi ya ufundi.

3. Neno linalotenda

Mwanafalsafa wa Oxford J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alifundisha kwamba kuna kauli zisizoeleza jambo bali zinalitenda. Hakimu anaposema "nimekuhukumu", kasisi anaposema "ninakubatiza", mwenyekiti anaposema "kikao kimefunguliwa", hawatoi habari. Wanafanya kitu kwa kusema. Kauli ya namna hiyo haiulizwi kama ni kweli au uongo. Huulizwa kama imefaulu au imeshindwa. Na ili ifaulu, sharti msemaji awe na mamlaka, utaratibu uwe unajulikana, na wahusika waukubali.

Tukiipima kwa kipimo hicho, kauli ya "risasi zitageuka maji" ni ya aina ya pekee. Kilio cha vita, "Maji!", kinakitaja kile ambacho risasi inaamrishwa iwe. Ni agizo, nalo lina wapokezi wawili. Mpokezi wa kwanza ni mpiganaji mwenyewe: anaambiwa asiogope, ajihesabu kuwa mmoja na wenzake, ashike miiko. Mpiganaji ana sikio, anaujua utaratibu, anamkubali msemaji. Kwake kauli inafaulu kabisa. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni wakaingia katika vita kimoja, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulifanya kabla yao. Mpokezi wa pili ni risasi. Risasi haina sikio. Kwake kauli haikushindwa tu; haikufika.

Hapa ndipo mitazamo miwili tuliyoitaja mwanzoni inapokutana, kila mmoja ukiwa na nusu ya ukweli. Anayesema maji yalikuwa umoja anamtazama mpokezi wa kwanza. Anayesema maji yalikuwa ushirikina anamtazama wa pili. Lakini kauli ilikuwa moja, ikitamkwa kwa kinywa kimoja na kwa wakati mmoja, na wala haiwezekani kuzitenganisha nusu zake kwa ajili ya kuwaridhisha wahakiki. Umoja ulipatikana kwa sababu watu waliamini kwamba risasi itasikia.

4. Mai Mulele: pale risasi iliposikia

Vita vya mwaka 1964 vinatupa kipimo ambacho tamthilia haina. Pierre Mulele alianza vita vyake Kwilu, magharibi mwa Kongo. Wale wa mashariki, chini ya Gaston Soumialot na Nicolas Olenga, walilichukua jina lake wakalifunga na maji. Mai au mayi ni umbo la kawaida la "maji" katika Kiswahili cha kwetu, na pia katika lugha nyingine kadhaa za nchi hii. Mpiganaji alipakwa na kunyunyiziwa dawa, akapewa miiko: asigeuke nyuma, asimguse mwanamke, asiibe, asipeane mkono na asiyenyunyiziwa. Akipigwa risasi, ilisemwa kwamba amevunja sharti. Mwenye kuifahamu mitambo ataona kwamba mantiki ya sharti haiko mbali na ile ya kitabu cha maelekezo: chombo ni kizima, mtumiaji ndiye aliyekosea. Kwa hiyo hakuna kifo kinachoweza kuwa ushahidi dhidi ya dawa.

Na dawa hiyo, kwa muda, ilifanya kazi. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilianguka mwezi wa Juni 1964, na Stanleyville, yaani Kisangani, ikaanguka mwezi wa Agosti mbele ya kikosi kidogo. Askari wa jeshi la serikali walikuwa na bunduki nzuri kuliko wapinzani wao, na mara nyingi walizitupa wakakimbia. Kwa nini? Kwa sababu askari hao walilelewa katika nchi moja na Simba, wakiisikia lugha moja ya dawa na miiko. Walipoona mtu aliyepakwa majivu akitembea wima mbele ya mitutu, walimwelewa. Mkono ukatetemeka, risasi ikapita juu. Kauli iliyoelekezwa kwa risasi ilipokewa na aliyeishika bunduki. Katika kisa hiki tunaweza kusema, bila mzaha, kwamba risasi ilisikia, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na sikio.

Mambo yaligeuka walipoletwa wasioijua lugha hiyo. Mamluki wa kigeni walisonga mbele kwa magari, marubani wa kukodiwa walipiga kutoka angani, na tarehe 24 Novemba 1964 wanajeshi wa Ubelgiji waliangushwa kwa miavuli juu ya Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Rubani aliye juu ya mawingu hamwoni mpiganaji aliyepakwa dawa, wala hasikii jina la Mulele. Hakuna mtu wa kuogopa kati ya kauli na bomu. Tangu siku hiyo dawa ilikuwa ileile, miiko ileile, ujasiri uleule. Kilichoondolewa ni msikilizaji.

Ernesto Che Guevara, aliyepigana upande wa waasi katika eneo la ziwa Tanganyika kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, na aliyejulikana huko kwa jina la Kiswahili la Tatu, ameandika juu ya dawa katika kumbukumbu zake. Aliona kwamba inampa mpiganaji moyo, akahofu kwamba itawageukia wenyewe siku watakapokufa wengi. Shambulio la Juni 1965 lililoelekezwa Bendera lilishindwa. Inafaa kukumbuka kwamba mahali hapo palikuwa na ngome iliyolinda mtambo wa umeme unaoendeshwa na maji ya mto. Hapo maji ya mganga yalikabiliana na maji ya mhandisi. Yote mawili yalihesabiwa kuwa nguvu. Moja tu liliendelea kufanya kazi hata pasipo mtu wa kuliamini.

5. Je, mashine haina uchawi?

Msomaji anaweza kutupinga hivi: mnaitenga mashine na uchawi kana kwamba mashine ni kitu safi, ilhali watu wetu wameiona mashine yenyewe kuwa uchawi. Pingamizi hili lina nguvu. Katika miji ya migodi ya Katanga, tangu wakati wa ukoloni, yalisimuliwa masimulizi ya mutumbula: watu wa usiku, wakitumwa na Wazungu, waliowapumbaza wapita njia na kuwachukua wakaliwe. Nairobi na Kampala zilikuwa na masimulizi yao ya wazimamoto, ambao magari yao mekundu yalisemekana kubeba damu ya watu. Gari, taa, sindano na kopo la nyama viliingizwa katika sarufi ya uchawi bila taabu.

Lakini masimulizi hayo yakichunguzwa vizuri yanatuunga mkono. Katika mutumbula, anayeogopwa si taa wala gari, bali aliyevituma. Msimulizi anauliza: nani mwenye chombo hiki, anakitumia usiku kwa nini, na mbona watu wakipotea hatuelezwi? Mashine inapewa nia ya mtu kwa sababu kweli ina mtu nyuma yake, naye amejificha. Hii si ujinga wa ufundi. Ni maarifa sahihi juu ya umilikaji, yaliyosemwa kwa lugha ya uchawi. Kosa la kauli ya maji ni la upande wa pili: yenyewe ilimtafuta msikilizaji ndani ya chombo, si nyuma yake.

Ukiziweka simulizi hizi kando ya Kinjeketile, unaona pengo katika tamthilia. Askari waliowapiga watu wa Maji Maji walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, wengi wakiwa wameandikishwa kutoka mbali, kama vile Sudan na Unyamwezi. Hao walikuwa na masikio. Swali la kama neno lingeweza kuwafikia, na kwa lugha gani, lilikuwa swali halisi la vita, pengine kubwa kuliko la risasi. Ebrahim Hussein, aliyelielekeza jicho lake kwa Wamatumbi na mashaka ya kiongozi wao, hakuwapa askari hao uzito wa kutosha wa kitamthilia. Wako kama mkono wa Mjerumani, yaani kama sehemu ya mashine. Kwa mwandishi aliyelifikiri neno kwa kina kiasi hiki, ni nafasi iliyopotea.

6. Jibu la mwisho la Kinjeketile

Tufike kwenye mwisho unaosifiwa na wote. Vita vimeshindwa, Kinjeketile na Kitunda wamekamatwa. Wanamtaka Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda naye, kwa uchungu wa waliokufa, anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa. Anahofu kwamba akikana, watoto wa kesho watafundishwa kwamba babu zao hawakuwa na haki ya kupigana. Kwake neno limekwisha kutoka mikononi mwake. Limekuwa mali ya watakaokuja.

Uhakiki wa kizalendo wa miaka ya baada ya uhuru uliupokea mwisho huu kama ushindi, na sisi hatukatai ukuu wake. Mbele ya ofisa wa Kijerumani, Kinjeketile alikuwa na haki. Kukana maji mbele ya adui si kueleza ukweli juu ya dawa. Ni kutenda tendo lingine la lugha, nalo ni kusalimu amri. Aliyezoea matendo ya neno alilitambua hilo mara moja.

Hata hivyo, hatuwezi kuliacha jambo hapo. Kitunda naye ana haki, na haki yake haijibiwi na hotuba nzuri. Alichotakiwa Kinjeketile kukisema hakikuwa cha kusemwa mbele ya Mjerumani. Kilikuwa cha kusemwa mbele ya Wamatumbi, kabla ya shambulio, alipokuwa ameanza kuona mashaka. Alimfunulia Kitunda; hakuufunulia umati. Kati ya siku aliyoanza kushuku na siku watu walipokwenda kwenye mitutu ulikuwapo muda, na katika muda huo yeye tu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusema: "Maji haya ni ya kutuunganisha, risasi haiyajui." Huenda wasingemsikia. Huenda umoja ungevunjika. Lakini wale waliokufa wangekuwa wamekufa wakijua. Tamthilia inauficha ukimya huo nyuma ya ujasiri wa mwisho, na hadhira inapiga makofi kwa jibu alilompa adui, ikisahau jibu ambalo hakuwapa watu wake.

Tunalisema hili si kwa kumdharau mwandishi, bali kwa sababu ya wasomaji tulio nao. Mwalimu anayeifundisha Kinjeketile mjini Lubumbashi, Bukavu au Uvira ana wanafunzi waliotoka Fizi, Kalemie au Masisi, ambako vijana wa rika lao wamenyunyiziwa maji wakapewa bunduki. Vita vya Kivu vya miaka ya karibuni vimetumia hata ndege zisizo na rubani. Askari wa mwaka 1964 alikuwa na mkono wa kutetemeka. Chombo hiki hakina hata huo, na aliyekiongoza yuko mbali. Mwalimu akisema "maji ni alama ya umoja" na kwenda zake, amewaacha vijana hao na nusu inayoua. Akisema "ni ushirikina", amewatukana babu zao, nao hawatamsikia tena.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchanganyiko wa uganga na silaha za kisasa katika Kinjeketile haueleweki kwa kuvipanga vitu hivyo kama zamani na leo. Neno dawa limekwisha kuvikutanisha. Kinachovitenga ni kwamba dawa hutenda kwa njia ya anayesikia, na mashine hutenda bila yeye. Kwa hiyo dawa iliweza kujenga jeshi mwaka 1905, iliweza hata kuwakimbiza askari wa serikali mwaka 1964, na haikuweza kitu mbele ya bunduki ya rashasha wala ndege.

Kwa upande wa ufundishaji tunapendekeza kwamba kila onyesho lisomwe kwa maswali matatu: nani anasema, nani anaweza kumsikia, na nini kilichopo pale kisichosikia. Maswali hayo yatawarudishia wanafunzi uwezo wa kuheshimu umoja wa Maji Maji bila kuurithi msiba wake. Yatawafanya pia wamrudie Kitunda, mhusika ambaye uhakiki umemweka pembeni kwa muda mrefu mno. Yeye ndiye aliyewafundisha watu vita, na ndiye aliyetaka mmoja azungumze kwa niaba ya waliokufa. Uhakiki wa Kiswahili katika Kongo una deni la kumsikiliza.